Kalenda yako kwenye kompyuta ya ofisi: nani hasa anaiona?

Mhasibu wa kampuni fulani anafungua kalenda ya kazini na kuandika: "Kliniki ya kisukari, Alhamisi saa nne." Anaandika asije akasahau, na ili mkubwa wake asimpangie kikao saa hiyo. Kisha anaweka alama ya faragha kwenye miadi hiyo na kuendelea na kazi, akiamini kwamba jambo limebaki kati yake na daktari. Lakini maneno hayo machache sasa yako sehemu kadhaa. Yako kwenye seva ya kampuni inayotoa huduma ya kalenda, ndani ya akaunti ambayo ni mali ya mwajiri, kwenye diski ya kompyuta iliyo mezani, na pengine kwenye simu yake pia. Alama aliyoiweka inafanya kazi katika sehemu moja tu ya mlolongo huo: inawazuia baadhi ya wenzake wasisome.

Wengi wetu tunaichukua faragha ya kalenda kuwa swali moja, ama nimeficha ama sijaficha. Hapo ndipo tunapokosea. Ni lazima ujiulize wenzako wanaona nini, mtu uliyempa ruhusa ya kukusaidia anaona nini, msimamizi wa mfumo, yaani mtu wa IT wa ofisi, anaweza kuona nini, na kompyuta yenyewe inahifadhi nini. Kinachomzuia mmoja hakimzuii mwingine.

Wenzako wa ofisini

Naanza na wenzako kwa sababu hapo ndipo watu huumia mara nyingi zaidi. Tunamwogopa mdukuzi wa mbali tukamsahau jirani wa meza ya pili, ambaye akijua una miadi ya ushauri wa ndoa au usaili wa kazi kwingine, habari zitafika kantini kabla ya chakula cha mchana.

Kalenda za ofisini zimetengenezwa ili zionekane. Anayetaka kuitisha kikao cha watu sita hufungua kalenda zao kwa pamoja, akatafuta saa ambayo wote wana nafasi, akatuma mwaliko. Bila uwazi huo angepiga simu sita, na pengine kumi na mbili. Kwa hiyo mfumo huanza kwa kuonyesha, na kilichobaki kuamuliwa ni kiasi gani kionyeshwe.

Katika kiwango cha chini kabisa, mwenzako anaona tu kwamba una shughuli au una nafasi. Outlook, programu ya barua pepe na kalenda ya Microsoft, ina kiwango cha kati ambapo anaona kichwa cha miadi na mahali itakapofanyika. Juu ya hapo anasoma kila kitu, pamoja na maelezo, viambatisho na majina ya walioalikwa. Kisha ipo ruhusa ya kubadilisha miadi, na juu kabisa ile ya kufanya mambo kwa niaba yako.

Mifumo miwili inayotumika sana maofisini haianzi mahali pamoja. Katika Microsoft 365, kalenda ya mfanyakazi kwa kawaida huwaonyesha wenzake kama ana shughuli au hana, basi. Katika Google Workspace, msimamizi ndiye anayeamua mpangilio wa kuanzia kwa ofisi nzima, na ziko ofisi nyingi ambazo mpangilio huo humwonyesha kila mwenzako kila neno uliloandika. Aliyehama kutoka ofisi ya kwanza kwenda ya pili huja na mazoea yake, akaandika kama alivyozoea kuandika, asijue kwamba safari hii ukuta ni wa kioo.

Usikisie. Mwombe mwenzako unayemwamini afungue kalenda yako kwenye kompyuta yake, usimame nyuma yake utazame. Hiyo ndiyo njia ya haraka na ya hakika kuliko kusoma kurasa za mipangilio. Ukikuta maandishi yako yote yako wazi, ingia kwenye mipangilio ya kalenda yako, sehemu ya ruhusa, ukaishushe ofisi yako hadi kiwango cha kuonyesha shughuli pekee. Mabadiliko hayo yanafunika hata miadi ya nyuma, ambayo ni jambo la maana, kwani kalenda ya miaka mitatu inaeleza maisha ya mtu kuliko miadi yoyote moja.

Alama ya faragha na mipaka yake

Tuitazame sasa ile alama ambayo mhasibu wetu aliitegemea. Mwaka 1998 ilichapishwa kanuni ya kiufundi iitwayo iCalendar, inayoeleza jinsi programu tofauti zinavyopeana miadi. Toleo lake la mwaka 2009, linalojulikana kwa namba RFC 5545, ndilo linalotumika hadi leo, na ndiyo sababu mwaliko uliotumwa kutoka Outlook unasomeka kwenye Kalenda ya Google au kwenye iPhone. Katika kanuni hiyo, kila miadi inaweza kubeba daraja: ya wazi, ya faragha au ya siri. Usipotaja daraja, miadi huhesabiwa kuwa ya wazi.

Waandishi wa kanuni hiyo walisema waziwazi kwamba daraja hilo ni sehemu moja tu ya ulinzi. Linarekodi alichokusudia mwenye kalenda. Kutekeleza kusudio hilo ni kazi ya mfumo unaoipokea miadi. Ukilifungua faili la kalenda kwa programu ya kawaida ya maandishi, utakuta maneno "kliniki ya kisukari" yameandikwa bayana, na mstari mwingine unaosema kwamba haya ni ya faragha. Ni sawa na bahasha iliyoandikwa "siri" ambayo haijagundishwa: mwenye heshima hataifungua, lakini hakuna kinachomzuia asiye nayo.

Microsoft wenyewe wameonya kuhusu jambo hili katika maelezo yao ya Outlook. Wanasema usiitegemee alama ya faragha kumzuia mtu ambaye umeshampa ruhusa ya kusoma kalenda yako, kwa kuwa programu nyingine inaweza kumwonyesha yaliyomo. Kama hutaki asome, usimpe ruhusa ya kusoma. Katika Google, miadi ya faragha huonekana kwa wenzako wa kawaida kama muda wenye shughuli tu, na hapo alama inafanya kazi vizuri. Ila yeyote uliyempa ruhusa ya kubadilisha miadi yako anaiona yote, alama au bila alama.

Jambo hili la mwisho linawahusu hasa wakurugenzi na wakuu wa idara wenye katibu muhtasi. Outlook, ukimteua mtu kushughulikia kalenda yako, hukuuliza kando kama umruhusu aone miadi ya faragha, na usipochagua chochote jibu huwa hapana. Google haina swali hilo. Bosi anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine huenda katibu wake akaanza kusoma mambo ambayo jana hakuyaona, bila yeyote kati yao kufanya hila.

Kuna mianya mingine midogo ambayo alama haiigusi. Ukimwalika mtu, mwaliko unakwenda kwake kwa barua pepe na nakala yake inafuata mipangilio ya kalenda yake, si yako. Ukiweka chumba cha mikutano, chumba nacho kina kalenda, na wengi huitazama. Ukikata tiketi ya ndege kwa anwani ya kazini kwenye Gmail, miadi ya safari inaweza kujiandika yenyewe. Kalenda ya Google pia ina anwani ya siri ya kuunganisha kalenda na programu nyingine, na anayeipata anwani hiyo husoma kalenda bila kuulizwa nenosiri. Kama uliwahi kuituma mahali, ibadilishe. Mipangilio ina kitufe cha kuifuta ya zamani na kutoa mpya.

Msimamizi wa mfumo

Hapa nawaomba wasomaji tuelewane vizuri, maana ni sehemu inayozua hofu kubwa na pia kujidanganya kukubwa. Akaunti ya kazini ni ya mwajiri. Mtu wa IT mwenye mamlaka ya juu anaweza kubadilisha nenosiri lako, anaweza kujipa ruhusa kwenye kalenda yako, na katika Microsoft 365 zipo zana rasmi za kutafuta ndani ya sanduku la barua la mfanyakazi wakati wa uchunguzi au kesi. Kalenda hukaa ndani ya sanduku hilohilo. Alama ya faragha haimhusu msimamizi hata kidogo. Hata ukifuta miadi, ofisi yenye sera ya kuhifadhi kumbukumbu inaweza kuendelea kuwa na nakala.

Je, wanakaa wakisoma kalenda za watu? Kwa uzoefu wa kawaida wa maofisi, hapana. Watu wa IT wana printa zilizogoma na nenosiri zilizosahauliwa za kutosha. Hatari halisi huja siku uhusiano wako na mwajiri unapoharibika: kuna tuhuma, kuna mgogoro wa malipo, kuna kesi. Siku hiyo mtu anatafuta, na anayetafuta huanza na vitu vyenye tarehe na saa. Kalenda ni kitu cha namna hiyo hasa. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni hiki: andika kwenye kalenda ya kazini yale tu ambayo ungekubali yasomwe mbele ya kamati ya nidhamu.

Kompyuta yenyewe

Wengine husema, basi nitaacha akaunti ya kazini na kufungua kalenda yangu binafsi kwenye kivinjari cha kompyuta ya ofisi. Ni afadhali, maana data haikai tena kwenye akaunti ya mwajiri. Lakini mashine bado ni yake.

Kompyuta inayosimamiwa na ofisi inaweza kuwa na programu inayopiga picha za skrini au inayorekodi tovuti unazotembelea. Mtandao wa ofisi unaweza kuwa na kifaa kinachofungua mawasiliano yaliyofumbwa (yaliyogeuzwa yasisomeke njiani), yakaguliwe, kisha yafumbwe tena yaendelee na safari. Hilo linawezekana kwa sababu ofisi imeweka cheti chake cha kidijitali, yaani kitambulisho chake, ndani ya kompyuta, na kivinjari kinakiamini. Dirisha la faragha la kivinjari halisaidii hapa. Linazuia historia isibaki kwenye kompyuta, na Chrome yenyewe inakuambia unapolifungua kwamba mwajiri wako bado anaweza kuona unachofanya. Kalenda zinazofumba data mwanzo hadi mwisho, kama ya Proton, zinaizuia kampuni ya huduma isisome miadi yako. Hazizuii kinachopiga picha ya skrini wakati wewe mwenyewe unaisoma.

Unaweza kujua kiasi fulani kuhusu mashine uliyopewa. Katika Chrome, andika chrome://management kwenye sehemu ya anwani. Utaonyeshwa kama kivinjari kinasimamiwa na ofisi na ni taarifa za aina gani msimamizi anaweza kuzipata. Halafu angalia juu kulia uko kwenye wasifu, yaani akaunti ya kivinjari, wa nani. Kosa la kawaida sana ni kuingia kwenye kivinjari cha ofisi kwa akaunti binafsi na kukubali usawazishaji, yaani data yako inakiliwe kwenye mashine hiyo, na kwa kubofya mara moja tu, historia yako ya nyumbani, alamisho na nenosiri vikateremka kwenye kompyuta ya mwajiri.

Kuna pia mambo yasiyohitaji utaalamu wowote wa kupeleleza. Kikumbusho kinachochomoza kwenye projekta katikati ya kikao kimeanika siri nyingi kuliko wadukuzi, naamini hivyo. Kompyuta inayotumiwa na watu wawili kwa zamu, jambo la kawaida katika ofisi zetu nyingi, hubaki na akaunti ya mtu wa asubuhi ikiwa wazi hadi jioni. Zima arifa za kalenda kabla ya kuonyesha skrini, funga skrini kwa vitufe vya Windows na L kila unaponyanyuka, na usiruhusu kivinjari cha kompyuta ya pamoja kihifadhi nenosiri lako.

Simu, na kalenda inayojichagulia

Kwa wengi wetu simu ndiyo kompyuta ya kwanza, na hapo ndipo pazuri pa kuweka maisha binafsi. Ila simu ina mtego wake. Ukiwa na akaunti mbili, ya kazini na yako, programu ya kalenda huzionyesha pamoja katika ukurasa mmoja, kila moja na rangi yake. Unapoandika miadi mpya, programu huiweka kwenye kalenda iliyoteuliwa kuwa ya kawaida. Kama iliyoteuliwa ni ya kazini, kila unachokiandika ukiwa kitandani Jumapili usiku kinakwenda moja kwa moja kwenye seva ya ofisi, na asubuhi wenzako wanakiona. Mtu anaweza kuwa makini sana kazini kisha akavujisha yote kwa njia hii. Ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo leo, utazame ni kalenda ipi inayopokea miadi mipya, uteue ya binafsi.

Simu za Android zina mpangilio wa wasifu wa kazi, unaotenganisha programu za ofisi na zako. Ofisi ikikutaka uweke barua pepe ya kazi kwenye simu yako, uliza kama wanatumia wasifu huo. Wasifu huo ukiwepo, mamlaka yao juu ya data yanaishia ndani ya sehemu ya kazi, na siku ya kuondoka wanafuta sehemu hiyo bila kugusa picha na miadi yako.

Kuficha habari, kuonyesha muda

Sasa mhasibu wetu afanye nini? Anahitaji muda wake uonekane umechukuliwa, asipangiwe kikao, huku sababu ikibaki yake. Njia ninayoiona bora ni kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Kliniki, jina la daktari, namba ya kadi na maelekezo vinakaa kwenye kalenda binafsi, ndani ya simu. Kwenye kalenda ya kazini anazuia muda uleule kwa neno moja la kawaida: "Sipo." Hakuna mahali, hakuna maelezo, hakuna mgeni aliyealikwa. Anaweka hali ya kuwa na shughuli, na alama ya faragha juu yake kama nyongeza. Sasa hata msimamizi akifungua, anachokuta ni neno "Sipo".

Aliye na miadi mingi anaweza kuchoka kuandika mara mbili. Kwa watumiaji wa Google kuna njia ya kati: ishirikishe kalenda binafsi na anwani yako ya kazini kwa kiwango cha kuonyesha shughuli pekee. Utaona kwenye skrini ya ofisi kwamba saa fulani umebanwa, bila neno lolote la kwa nini. Itakusaidia wewe usijigongane. Wenzako bado hawataona kitu, kwa hiyo muda wa mchana wa kazi utauzuia mwenyewe. Usifanye kinyume chake, yaani kuishirikisha kwa maelezo yote au kuingiza faili la kalenda binafsi kwenye akaunti ya kazini. Kuingiza faili ni kunakili. Ukijuta kesho, nakala tayari iko kwa mwajiri.

Na muda wenyewe unasema. Mtu anayekuwa "Sipo" kila Jumanne saa tisa hadi saa kumi kwa miezi miwili anawafanya watu wafikiri. Kama jambo ni nyeti kweli, zuia nusu siku badala ya saa moja, au hamisha siku mara kwa mara. Kwa mengine, sioni haja ya kujitesa hivyo.

Sheria inasema nini

Kanda yetu haiko bila sheria. Katiba ya Kenya inalinda faragha katika Ibara ya 31, na ya Tanzania katika Ibara ya 16. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na orodha yake ya data nyeti inataja hali ya afya, hali ya ndoa na hata majina ya watoto na mwenzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nayo inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Tazama kalenda yako uone ni mistari mingapi inaangukia humo.

Sheria hizi hazimkatazi mwajiri kusimamia mali yake. Zinamtaka awe na sababu halali, akusanye kinachohitajika tu, na amweleze mhusika. Kuhusu mpaka wenyewe uko wapi, kesi inayofundisha zaidi ni ya Ulaya. Mhandisi wa mauzo nchini Romania, Bărbulescu, alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kurekodi mazungumzo yake binafsi kwenye akaunti ya Yahoo Messenger aliyoifungua kwa ajili ya wateja. Kampuni ilikuwa imekataza matumizi binafsi ya kompyuta zake. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Mahakama za Romania hazikuwa zimechunguza kama aliarifiwa mapema kwamba anafuatiliwa, kwa kiwango gani, na kama ilikuwepo njia yenye kuingilia kidogo zaidi. Uamuzi huo haufungi mahakama za Nairobi wala Dodoma, lakini maswali yake ni yaleyale unayoweza kumuuliza mwajiri wako kwa barua ya heshima: mnafuatilia nini, kwa sababu gani, nani anasoma, na mnahifadhi kwa muda gani?

Siku ya kuondoka

Akaunti yako haifi siku unapoaga. Ofisi nyingi humkabidhi mrithi wako au mkuu wa idara sanduku lako la barua ili kazi isikwame, na kalenda huenda pamoja nalo. Huyo hana nia mbaya. Anatafuta tarehe ya mkutano na mteja, na humo njiani anakutana na miaka yako yote.

Kwa hiyo fanya usafi ukiwa bado na ufunguo. Tafuta ndani ya kalenda kwa maneno ya maisha yako, kama daktari, shule, benki, mahakama, kanisa, msikiti na jina la mtoto, uondoe yaliyo yako na kuyaacha ya kazi, kwa sababu kufuta kumbukumbu za kazi kunaweza kukuingiza matatani. Yale unayoyahitaji yaandike upya kwenye kalenda binafsi. Miadi inayojirudia uliyowaalika watu wa nje, ifute wewe mwenyewe mapema. Akaunti ikishafungwa, wao wataendelea kukumbushwa kila wiki kwa jina lako, na itabidi uombe ofisi uliyoiacha ikusaidie kuiondoa.